Sukari Inashushwa Hapa

Miti ya barabara kuu ilipochanua, mji mzima ulianza kupiga chafya, na Shemeji akaanza kutafuta namna ya kujipatia riziki kwa chafya hizo.

Jina lake halisi alikuwa amelichakaza katika miji mingine, kwa hiyo hapa alikuwa Shemeji tu. Alilipata kwa kuwaita watu wote shemeji: muuza magazeti, mlinzi wa benki, hata askari aliyekuja kumkamata. Mtu akiitwa shemeji na asiyemjua, kwanza huanza kuwahesabu dada zake, na kabla hajamaliza kuhesabu, Shemeji huwa ameshavuta kiti.

Siku hiyo alikuwa kwenye foleni ya duka la dawa, macho mekundu, pua inachuruzika, maana maua hayabagui: humpiga tapeli kama yanavyompiga hakimu. Alikuja kununua chupa yake ya dawa ya kikohozi, ile nyekundu, tamu, ambayo msimu huo alikuwa akiinywa kama soda. Mbele yake alisimama fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mtu mwembamba mwenye futi ya kupimia nguo shingoni, akibishana na mfamasia, dada mmoja wa miwani ambaye subira yake ilikuwa inakaribia kwisha.

"Poleni," alisema mfamasia.

"Tumeshapoa," alijibu fundi. "Nakuuliza naumwa nini."

"Ndiyo nakujibu, mzee wangu. Poleni. Unga wa maua. Chavua. Inakuingia puani, mwili unakasirika, unapiga chafya."

"Sasa si useme maua? Mimi nadhani unanipa pole, kumbe unanitajia ugonjwa!"

Mfamasia alivuta pumzi. "Na kwa kuwa wewe una sukari, hii dawa ya maji sikupi. Ni tamu mno. Chukua hivi vidonge, kimoja usiku. Vinaleta usingizi kidogo, kwa hiyo ukishameza usikae kwenye cherehani."

"Na ile sindano ya mafua wanayochoma kule sokoni? Nasikia ukichomwa leo, kesho pua kavu."

"Pua itakauka, na sukari itapanda mpaka usimjue aliyekuzaa. Usiisogelee bila daktari kujua. Halafu msimu huu upime mara kwa mara, maana mwili ukiwa vitani sukari hupanda yenyewe. Dawa zako za kila siku usiache hata iweje. Na nakuomba, mzee wangu, nawa mikono kabla ya kupima."

"Ina maana mimi mchafu?"

"Juzi ulikuja hapa unapiga kelele unakufa, mashine inasema ishirini na moja. Kumbe umetoka kumenya chungwa. Hukupima damu, mzee, ulipima chungwa. Uliponawa ikawa nane."

Foleni nzima ilicheka. Shemeji hakucheka. Watu wa kazi yake wakisikia jambo la maana huwa kimya. Mkono wenye utamu: ishirini na moja. Mkono ulionawa: nane. Kati ya namba hizo mbili aliona nafasi ya kutosha kwa mtu mmoja kuishi vizuri. Alilipia chupa yake, akapiga mafunda matatu palepale kaunta, akapiga chafya, akatoka bila kukumbuka chenji.

Biashara ilihitaji vitu vichache. Koti jeupe alilipata kwa mchinja nyama, akalifua mpaka likasahau kazi yake ya zamani. Mashine ya kupimia sukari alinunua, na hilo lilimuuma, kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kununua vitu. Beseni na birika aliazima. Kilichobaki ni mahali pa kukaa, na baraza nzuri kuliko zote mtaani ilikuwa ya duka la jumla la sukari, ambalo mwenyewe aliitwa Mama Jumla, kwa sababu hakuwahi kutoa kitu chochote kwa rejareja, hata maneno.

"Mama mkwe," alianza Shemeji, "mimi ni mtu wa tiba..."

"Sina binti," alisema Mama Jumla.

"Basi nikuiteje?"

"Niite ukiwa na jambo. Kaa. Usizibe mlango."

Shemeji akatundika bango lake la boksi: SUKARI INASHUSHWA HAPA. KUPIMA BURE. Kisarufi bango lile halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa mahali lilipotundikwa.

Wa kwanza kufika walikuwa wapagazi, wamevua mashati, wamejitandika magunia mabegani. "Lori liko wapi?" aliuliza mkubwa wao.

"Lori gani, mashemeji?"

"La sukari. Si inashushwa hapa?"

Nyuma yao walipanga foleni akina mama na ndoo na mifuko, wamesikia kwamba leo kupimiwa ni bure. "Mimi nipimie kilo mbili," alisema mmoja, "na usiweke kidole kwenye mizani." Kelele zikamtoa Mama Jumla ndani.

"Nani anashusha sukari kwenye baraza yangu na mimi sina habari? Bei imeshuka?"

"Bei haijashuka, mama. Hii ni sukari ya mwilini."

"Mwili wa nani?"

"Wa yeyote, mama."

Mama Jumla alilitazama bango, akalitazama beseni, akamtazama Shemeji kuanzia viatu kwenda juu. Kisha akapiga chafya na kurudi ndani. Shemeji akachukua mkaa akaongeza maneno mawili ili kuondoa utata, bango likasomeka SUKARI YA DAMU INASHUSHWA HAPA, na mpagazi mmoja akauliza kwa wasiwasi kama hiyo nayo hubebwa kwa gunia.

Pamoja na mwanzo huo, baada ya siku chache baraza ilijaa. Kila mtaa una watu wenye sukari, na msimu ule kila mwenye sukari alikuwa na chafya, na mwenye chafya na sukari huogopa kila chupa anayoonyeshwa. Watu wa namna hiyo wana haki ya kuhurumiwa. Shemeji aliwahurumia kwa dhati, na alianza kwa kuwashika mkono.

Huo ndio uliokuwa utaalamu wote. Chini ya meza kulikuwa na bakuli la maji yaliyokorogwa asali. Shemeji alichovya vidole, akafuta juujuu, kisha akasimama kumpokea mgonjwa. "Karibu, shemeji, pole na mafua, pole sana." Aliushika mkono wa mgeni kwa mikono yake yote miwili, akaupapasa kidole kwa kidole kwa huruma. Na nani aliyelelewa vizuri hukataa mkono wa salamu? Halafu kisindano, tone la damu, kijiti, mashine. Mashine ikasema kumi na nane, ishirini, ishirini na mbili. Hapo Shemeji alikuwa na uso maalumu, uso wa mtu aliyepokea simu ya msiba lakini hataki kukuambia mbele ya watoto.

"Unaona, shemeji? Ni chavua. Imeingia puani, imeshuka mpaka kwenye damu, imekaa, inapandisha sukari. Ukiitoa chavua, sukari inashuka yenyewe. Njoo kwenye Maji ya Kuvua Chavua."

Maji yale yalikuwa ya bomba, yenye majani mawili matatu ya kunukia kwa ajili ya heshima. Mgonjwa alinawa mpaka viwikoni, akavuta harufu, akanywa kikombe, akakaushwa kwa taulo safi. Akapimwa tena. Tisa. Nane. Saba na nusu. "Imeshuka!" alipiga kelele Shemeji, na baraza nzima ikaitikia, "Imeshuka!" na ndani ya duka karani wa Mama Jumla alishtuka kila mara akidhani ni bei. Mgonjwa aliondoka na chupa ya maji kwa bei ambayo hata muuza samli angeionea aibu.

Uongo wake ulikuwa na ukweli kidogo ndani yake. Mafua kweli hupandisha sukari. Ndiyo maana ulimezeka.

Fundi cherehani alikuja akiwa na shaka, lakini shaka za watu wengi huishia kwenye namba. Ishirini na mbili, kisha nane. Alikaa chini akashika kichwa.

"Miaka yote hii nameza vidonge, kumbe nilitakiwa kunawa tu?"

"Kunawa kwa maji haya, shemeji. Si maji yoyote."

"Kwa hiyo vile vidonge..."

Shemeji akatabasamu, akamkaushia vidole kimoja kimoja. Hakumwambia aache dawa. Wala hakumwambia asiache. Alimpa chupa mbili, akamuuliza kama ana ndugu wenye shida hiyo.

Mwenyewe Shemeji, kwa upande wa afya, hakuwa vizuri sana, lakini alilaumu msimu. Usiku pua iliziba. Mchana kiu ilimshika, akanywa soda, kiu ikazidi, akanywa nyingine. Kila saa alikuwa njiani kwenda msalani, hata wapagazi wakaanza kumwekea nafasi. Maandishi ya kwenye mifuko ya sukari, ambayo zamani aliyasoma akiwa barazani, sasa yalikuwa ukungu. Suruali ilimlegea, akafurahi kwamba amepungua kitambi. Pua ilipozidi alikwenda sokoni kwa jamaa mmoja mwenye mkoba, akachomwa ile sindano, pua ikakauka siku mbili tatu, akarudi tena. Yote hayo aliyaona kama gharama za kazi.

Asubuhi moja muuza magazeti alipita na habari. "Umesikia? Fundi amebebwa. Amekutwa ameanguka karibu na cherehani, hajitambui, yuko hospitali kwenye dripu. Mkewe anasema alitupa dawa zake zote jalalani. Alisema amepona."

Shemeji hakuwa mtu mbaya sana. Alipenda watu wapoteze, hakupenda waanguke, na mpaka asubuhi hiyo hakuwa amefikiri kwamba mambo hayo mawili ni majirani. Akaanza kukunja taulo. Katika kazi yake mtu huondoka pale watu wanapoanza kuuliza maswali, na mwenye akili huondoka kabla.

Hapo ndipo Mama Jumla alipotoka.

"Nina jambo," alisema. "Hayo maji yako nayataka."

"Chupa ngapi, mama?"

"Mimi siongei chupa. Nayataka yote. Namna unavyoyapika, jina, kila kitu. Nitayauza jumla mpaka mipakani." Akaelekeza kidevu uani, ambako pikapu yake ya bluu ilikuwa imeegeshwa, matairi mapya. "Utachukua ile. Kadi ya gari iko dukani."

Shemeji alisahau taulo. Mtu mwenye pikapu haondoki mjini akikimbia, huondoka kwa kupiga honi. Akafikiria barabara, miji mingine, miti mingine inayochanua kwa zamu, chafya mpaka upeo wa macho. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuonyeshwa pikapu yenye matairi mapya.

"Ila jumla ina sheria yake," aliendelea Mama Jumla. "Mwenye mali huonja mwenyewe kwanza. Jipime mbele yangu, unawe, ujipime tena. Nikiona imeshuka, unapewa funguo. Tufanyie ndani stoo, hapa kuna macho mengi."

Shemeji nusura acheke. Kujipima mwenyewe! Hiyo si kazi, ni likizo. Alichovya vidole vyake kwenye asali kwa mara ya mwisho, akafuta juujuu. Kisha akaenda msalani, kwa kuwa mwili wake ulikuwa na ratiba yake, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto ili asiharibu wa kulia. Aliporudi, beseni, birika na mashine vilikuwa vimeshaingizwa stoo na kupangwa vizuri juu ya sanduku.

Stoo ilikuwa na giza la kupendeza na magunia ya sukari yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Mama Jumla alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Shemeji akajichoma kidole. Mashine ikafikiri, ikasema ishirini na nne.

"Lo," alisema, na kuvaa ule uso wake wa msiba. "Unaona, mama? Chavua haimwogopi hata tabibu."

"Naona. Nawa."

Akamimina maji ya birika, akanawa polepole, mpaka viwikoni, kwa mbwembwe. Akajikausha. Akajichoma kidole kingine huku akiangalia funguo zilizoning'inia kwenye mkanda wa Mama Jumla. Mashine ikafikiri.

Ishirini na tisa.

Shemeji aliitikisa. "Wakati mwingine ya kwanza hukosea."

"Nawa tena," alisema Mama Jumla.

Akanawa tena, safari hii bila mbwembwe. Akasugua kucha. Akajichoma. Mashine ikafikiri kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha, mahali pa namba, zikatokea herufi mbili: HI.

"Inanisalimia," alisema Shemeji.

"Haikusalimii. Imepita kiasi, mashine imeshindwa kuhesabu."

Sasa, mtu mwingine angesema mashine ni mbovu. Lakini Shemeji alikuwa mtaalamu. Mkono wenye utamu hudanganya, mkono ulionawa husema kweli: hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote, aliipata dukani bure, ilimlisha, na aliiamini. Alikuwa amenawa mara mbili.

"Unashikwa na kiu?" aliuliza Mama Jumla, taratibu, kama anayeuliza bei.

"Ya kawaida tu. Ya joto."

"Msalani unakwenda sana?"

Shemeji aliutazama mlango, maana alikuwa ametoka huko.

"Macho yana ukungu? Suruali imelegea? Umechomwa ile sindano ya sokoni?"

"Mara... mara chache."

"Mara chache ngapi?"

"Kila pua ikiziba, mama."

"Basi usihangaike," alisema Mama Jumla. "Dawa si unayo? Birika lote liko hapo. Kunywa, ushushe."

Shemeji alilitazama birika. Akakaa juu ya gunia. "Hayashushi!" alisema. "Mama, hayo ni maji ya bomba! Hayashushi kitu! Nawapaka asali mkononi nikiwasalimia, namba inapanda, wakinawa inashuka, basi! Hakuna dawa hapo! Nipeleke hospitali, mama, mimi nakufa!"

Nyuma ya magunia mtu akapiga chafya.

Mwingine akapiga chafya, ya kike hii, iliyozuiliwa muda mrefu. Kisha, kwa kuwa chafya ni kama miayo, zikalipuka zote kwa pamoja, na kutoka nyuma ya sukari wakatokea wapagazi wanne, akina mama wa ndoo, muuza magazeti, na mwisho mfamasia wa miwani, anafuta pua kwa leso.

"Poleni," alisema mkubwa wa wapagazi, kwa adabu, huku anakunja mikono ya shati.

"Mimi nina sukari ndani miaka mingi, na sukari dukani miaka mingi zaidi," alisema Mama Jumla. "Unadhani ni nani wa kwanza kujua kwamba kidole chenye sukari hudanganya? Nilikuona tangu siku ya kwanza. Nikasema niache nisijishughulishe, wajinga ndio waliwao." Safari hii sauti yake haikuwa ya jumla. "Yule fundi ni mdogo wangu. Tumbo moja. Mimi nilikuwa hapa dukani, ninakuona unamshika mkono, nikanyamaza. Hilo langu, nitalibeba. Lako hili hapa."

Wapagazi wakachukua mkoba wa mapato, akina mama wakaanza kuugawana palepale kwa haki na kwa kelele. Mpagazi mmoja alishachagua upande wa uso wa Shemeji atakaoanza nao.

Lakini Shemeji alikuwa anafikiri. Alipeleka vidole mdomoni, akavilamba. Akalisogelea birika, akachovya, akalamba tena. Uso wake ukafunguka polepole.

"Tamu," alisema. "Mama! Ulitia sukari kwenye birika! Nilipokuwa msalani!"

"Daraja la kwanza," alikiri Mama Jumla. "Vikombe vitatu."

Shemeji alicheka. Alicheka mpaka akaegemea magunia, akampigia makofi Mama Jumla, akampigia saluti. "Nimepatikana! Jamani, nimepatikana! Kila nikinawa inapanda! Mimi, mtoto wa mjini!" Machozi ya furaha yalimtoka. "Sina sukari! Chukueni mkoba, chukueni koti, nipigeni tu, sina sukari!" Na furaha yake ilikuwa ya kweli kiasi kwamba mpagazi aliyekuwa ameinua ngumi aliishusha, akatabasamu kidogo bila kupenda.

Mfamasia peke yake hakutabasamu. Alitoa sabuni kwenye pochi yake, mpya, bado imo kwenye karatasi, na mashine ndogo.

"Kaka," alisema, "birika lilikuwa na ujanja. Maswali hayakuwa na ujanja. Njoo bombani."

"Ya nini, dada? Tumeshamaliza mchezo."

"Njoo tu."

Alikwenda kwa madaha, bado anacheka. Bomba lilikuwa uani. Alifungua mwenyewe, akaonja maji: baridi, ya chuma, bila utamu. Akaifungua sabuni mwenyewe. Akanawa, akasuuza, akajikausha kwa pindo la shati lake, kwa kuwa taulo za watu hakuziamini tena. Mfamasia akamchoma kidole. Wote walisogea.

Kumi na tisa.

"Ha!" alisema Shemeji. "Mmeanza tena."

Akanawa upya. Akatoa mkono wa kushoto, ambao siku hiyo haukugusa asali. Akasugua kidole hicho kimoja mpaka kikawa chekundu. Mfamasia akamchoma. Kumi na tisa nukta mbili.

"Mashine yako mbovu, dada."

Mfamasia hakubishana. Alinawa, akajichoma mwenyewe, akamwonyesha. Tano na nukta kadhaa. Akaitoa hata mashine ya Shemeji mwenyewe, ile aliyoinunua kwa uchungu, akaiwekea kijiti kipya. Kumi na tisa.

Akina mama waliacha kugawana. Mkubwa wa wapagazi alikunjua mikono ya shati na kuifunga vifungo, akaangalia pembeni kana kwamba amemkuta mtu anaoga. Juu yao mti ulikuwa unamwaga maua yake, ya manjano, kwenye boneti ya pikapu.

Shemeji aliigeuza sabuni, akainusa kwa pua isiyonusa, akaivunja katikati akatazama ndani. Hakukuwa na kitu. Akaangalia nyuso zao mmoja mmoja, akitafuta ile dalili ndogo kwenye pembe ya mdomo ambayo yeye mwenyewe alikuwa nayo kila alipokuwa kazini. Hakuiona kwa yeyote.

"Mmetia nini?" aliuliza. "Niambieni tu. Sitakasirika. Mjanja hupatikana, ni kawaida, mimi mwenyewe nimewapata wengi. Mmeweka nini kwenye sabuni?"

Akamgeukia mfamasia.

"Dada mfamasia? Kwenye kijiti?"

"Hapana, kaka."

Mama Jumla alimkaribia. Alichomoa funguo za pikapu mkandani, akampa mpagazi mkubwa, akamwambia awashe gari. Kisha akamshika Shemeji mkono ulionawa, akaushika tu, bila kuupapasa.

"Sukari si kifo," alisema. "Mimi ninakaa nayo. Nakula kwa kipimo, nameza dawa, msimu wa maua napima asubuhi na jioni, chafya ikizidi namuuliza huyu binti. Ukiifanyia ujanja ndiyo inakuua. Twende. Fundi ameshafumbua macho, daktari wake ni mtu mzuri."

"Naogopa," alisema Shemeji, na kwa mara ya kwanza tangu aingie mjini hakuongeza neno lolote mbele wala nyuma.

"Najua."

Shemeji alipiga hatua mbili kuelekea garini, akasimama. Akamgeukia, macho mekundu, akamwangalia kama vile kila kitu bado kinaweza kurekebishwa iwapo tu atakubali.

"Mama. Nakuomba. Hujaweka sukari hata kidogo?"

"Hata chembe, mwanangu."